Shingo ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa na rovu. Naanza na hilo kwa sababu sikuwahi kulitamka mbele yake, wala nyumbani kwetu sikumsikia mtu yeyote akilitamka. Huku kwetu milimani Usambara wanawake wengi wa rika lake walikuwa nalo, uvimbe wa shingoni uliokua polepole tangu usichana, na sisi tulifundishwa kupitisha macho pembeni. Watoto wa umri wangu tuliokota bahati. Chumvi ya madini joto ilianza kupanda mlimani kwenye pakiti, tukaila bila kujua kwamba inatulinda, na shingo zetu zikakua laini.

Shangazi alifunga kitambaa shingoni kila siku, liwe jua au ukungu. Cha Jumapili kilikuwa cheupe chenye maua madogo ya buluu. Alikuwa na sauti nzito, iliyotoka bila haraka, na tulipokuwa wadogo tuliamini kwa dhati kabisa kwamba sauti hiyo anaiweka humo kwenye uvimbe. Tuliambiana hivyo kwa kunong'ona, tukiwa mbali naye. Mimi hata nilimwonea wivu, nikajipapasa shingo mbele ya kioo nione kama na mimi nitaota ghala langu.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilisomea upigaji chapa Korogwe, nikarudi Lushoto na cheti, vidole vya haraka na kiburi kidogo. Nilipata kazi kwenye duka la steshenari lililokuwa kwenye mteremko wa kwenda sokoni. Nilichapa barua za kuomba ajira, risala za harusi, mihtasari ya vikao. Zilikuwa siku za soko huria, na kila gari lililotoka Mombo lilipandisha kitu ambacho jana yake hakikuwepo: deki, mitumba, sabuni za rangi tusizozijua. Siku moja ikapanda kompyuta. Mama mwenye duka aliinunua Tanga, nayo ikiwa mtumba vilevile, na kioo chake kikubwa kilifika kimeviringishwa blanketi kama mgonjwa anayerudishwa nyumbani. Taipureta yangu ikasukumwa kwenye kona na kufunikwa kitambaa. Nililia, sitaki kudanganya. Nilidhani na mimi nimesukumwa pamoja nayo.

Sasa niseme habari ya wimbo, maana ndio ulionitia kwenye mambo yote haya.

Shangazi alikuwa mwimbishaji katika kwaya ya usharika wetu. Mimi nilikuwa sauti ya pili, mstari wa kati, sina sifa yoyote. Wimbo alioutunga mwenyewe ulihusu safari ya Mombo. Wanawake wa kwetu walishuka na matenga ya peasi kichwani hadi barabara kuu, wakauza kwa abiria wa mabasi ya Moshi, kisha wakapanda na chumvi na mafuta ya taa. Kiitikio chake kilikuwa hivi:

Nimeshuka na mzigo, nitapanda na wimbo;
aliyeniona nikishuka, ataniona nikifika.

Watu waliupenda. Kanda ya kwaya ilipotoka, ni wimbo huo uliosikika kwenye vibanda vya chai. Halafu zikaja siku ambazo kwaya isiyo na video ilionekana kama haipo, nasi tukaamua kupiga video. Akaletwa mpiga video kutoka Tanga, kijana mpole mwenye shati la mikono mirefu, tukajipanga karibu na maporomoko ya Soni tumevaa sare mpya. Redio ilicheza kanda, sisi tukafuatisha kwa midomo.

Ulipofika wimbo wa Shangazi, yeye akasimama mbele, mahali pake. Yule kijana akatazama kwenye kamera, akaishusha. Akamwita mwalimu wa kwaya kando, wakanong'ona. Mwalimu akarudi huku akitazama nyasi, akamwambia Shangazi kwa sauti ya heshima sana, "Mama, tunaomba usogee kidogo nyuma, mwanga wa hapo si mzuri." Akasogezwa hadi nyuma ya wanaume wa besi, warefu wote. Mbele akasimamishwa binti mmoja mzuri wa sura, shingo yake ndefu, aliyekuwa kwenye kwaya mwaka wake wa kwanza. Redio ikawashwa. Sauti ya Shangazi ikatoka, na yule binti akafungua na kufunga mdomo.

Shangazi alisimama nyuma akajisikiliza akitoka kwa mtu mwingine. Hakusema neno. Alivuta kitambaa chake kikapanda kidogo. Mimi nilikuwa mistari miwili mbele yake, nikageuka nikaona kila kitu, na mimi pia sikusema neno. Hilo ndilo lililonichoma baadaye kuliko jambo la kamera.

Kuanzia Jumapili iliyofuata Shangazi hakuja mazoezini. Alisema koo linamsumbua. Kanisani alikaa benchi la mwisho, na nyimbo zilipoimbwa alishika kitabu kimefunguliwa, mdomo umefungwa. Nilikuwa nimeishi kwake miaka yangu ya shule ya msingi, najua kwamba mwanamke huyu aliimba akichambua maharage, akikama, akiwa na homa. Sasa jikoni kwake kulisikika vyombo tu. Niliogopa. Nilijua kwamba video ile ikitoka na uso wa yule binti, Shangazi hataimba tena mpaka anakufa.

Mungu si Athumani. Video ilipokaguliwa, wimbo ule haukukaa sawa. Shangazi alikuwa na tabia ya kuchelewesha neno, anaiacha ngoma itangulie kisha yeye anafuata nyuma kama mtu asiye na haraka, na yule binti maskini kila mara mdomo wake ulifika kabla ya sauti. Mwalimu wa kwaya alinung'unika, lakini kurudia kupiga hakukuwezekana. Nikaona mwanya. Nikamfuata baada ya ibada.

"Shikamoo mwalimu. Siku hizi nyimbo huchorwa," nikamwambia. "Zinakuwa vikaragosi, vinatembea na kuimba."

"Marahaba. Nimeviona kwenye televisheni. Nani atachora?"

"Mimi."

"Kwa kompyuta? Unajua?"

"Najua."

Nilichojua ni kuandika barua, na mchezo wa karata uliokuja na mashine. Mwalimu akanitazama, akasema nimletee kabla ya mwezi wa kumi na mbili kuanza, maana video lazima iende kunakiliwa kabla ya Krismasi. Nikishindwa, ataacha picha za yule binti kama zilivyo. Nilikuwa na miezi mitatu.

Programu yenyewe niliinunua Mombo, kando ya barabara kuu, kwa mtu aliyekuwa amepanga kanda, miwani ya jua na diski kwenye meza moja. Diski haikuwa na picha wala jina, imeandikwa kwa kalamu ya wino mistari mitatu, na mstari wa tatu ulikuwa programu ya kuchora vikaragosi. Nilipanda nayo nimeifunga ndani ya kanga isichubuke. Maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Nikaweka kamusi kushoto, kalamu kulia, na nilipokwama nilijifanya nachapa barua ili mama mwenye duka asijue.

Alijua. Alikuwa mzaliwa wa pwani ya Tanga aliyeolewa huku juu, na alikuwa na jicho la mtu aliyeuza vitu maisha yake yote. Siku ya tatu akasimama nyuma yangu. "Mficha uchi hazai," akasema. "Kama hujui sema hujui, tutafute wote." Akavuta kiti. Kuanzia hapo kila alasiri wateja walipopungua tulikaa wawili mbele ya kioo, yeye akisoma kamusi kwa sauti kama anahubiri, mimi nikibonyeza.

Programu ilitaka picha kumi na mbili kwa kila sekunde, kila moja kwenye fremu yake. Mimi mpiga chapa nilielewa kwa akili ya kichapaji: nakala nyingine ni kazi nyingine. Basi nikachora mwanamke akitembea, nikafuta, nikamchora tena upya mguu ukiwa umesogea kidogo, na tena. Wiki mbili nzima, nikapata sekunde tisa. Kila picha alikuwa mnene au mwembamba kuliko iliyotangulia, akitembea anavimba na kusinyaa. Kisha nikabonyeza kitufe kimoja kwa bahati mbaya, na picha nzima ikajinakili kwenye fremu ya pili bila mimi kugusa mstari. Nikabonyeza tena. Nikamkumbuka karani mmoja wa Korogwe aliyechapa nakala tano za barua moja, halafu akaoneshwa karatasi ya kaboni. Tulimcheka mwezi mzima. Mungu alikuwa anangoja.

Matabaka ya picha, moja juu ya jingine, niliyaelewa mara moja, kwa sababu mashamba yetu yamekaa hivyo: milima tabaka la chini, barabara juu yake, mwanamke juu ya barabara, ukungu juu ya wote. Ukitaka kurekebisha tabaka moja, mengine hayaguswi. Nilipenda sana kuuvuta ukungu polepole kutoka kulia. Mpaka leo nikiuona ukungu wa asubuhi unaingia bondeni, kidole changu kinatikisika.

Kosa lililotuchekesha zaidi lilikuwa la miguu. Nilichora sehemu ya Mombo, barabara imenyooka, mwanamke wangu anatembea na tenga kichwani. Mama mwenye duka akaangalia, akainamisha kichwa upande.

"Barabara imelala," akasema. "Huyu anapanda nini?"

Nikatazama. Kweli, alikuwa ameinama mbele, magoti yamekunjwa, anajisukuma. Nikamnyoosha, akaegemea nyuma kama anateremka. Nikatoka nje mlangoni nikaangalia watu wa Lushoto, na hakukuwa na hata mmoja aliyetembea wima. Wote ama walipanda ama walishuka. Katika maisha yangu sikuwahi kumchora mtu kwenye tambarare, kwa sababu hata nilipokuwa Korogwe sikuwa nimewahi kumtazama. Jumamosi ilibidi nishuke Mombo nikakae juu ya jiwe kando ya stendi na daftari, nichore jinsi watu wa chini wanavyotembea. Mwuza karanga mmoja aliniuliza kama mimi ni wa serikali.

Kosa la pili nilidhani si kosa, maana nilifuata programu. Ilikuwa na mfano wa mtu anayetembea, na kichwa chake kilipanda na kushuka kwa kila hatua. Nikampa mwanamke wangu mwendo huohuo, tenga lake la peasi likipanda na kushuka naye. Nilijivunia. Siku ya soko nikamwomba Shangazi apite dukani aone kazi yangu. Sikumwambia ni ya nini. Alikuja na kikapu chake, akasalimiana na mama mwenye duka kwa kirefu, habari za nyumbani, za watoto, za mvua, akaketi ukingoni mwa kiti kama watu wanavyoketi ofisini. Nikamwashia, picha peke yake, bila sauti.

Alitazama mpaka mwisho. Halafu akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Ilikuwa miezi sijamwona akicheka.

"Mwanangu, huyo atafika Mombo na tenga tupu! Peasi zote ziko njiani."

"Kompyuta ndiyo inasema kichwa kinapanda na kushuka."

"Hiyo kompyuta imewahi kubeba nini?"

Akainuka. Akatuongoza hadi uani nyuma ya duka, akachukua ndoo, akaijaza bombani mpaka maji yakasimama ukingoni. Akasokota kanga akatengeneza ngata, akaiweka kichwani, akachuchumaa, mama mwenye duka akamtwisha. Akaanza kutembea, kutoka bombani mpaka kwenye ukuta na kurudi. Mimi nikakaa kizingitini na karatasi zilizoharibika za duka nikichora upande wa nyuma. Niliona kitu nilichokiona maisha yangu yote bila kukiona. Miguu ilitembea, nyonga zilitembea, magoti yalipokea kila hatua na kuimaliza hukohuko chini. Kichwa kilisafiri mstari mmoja ulionyooka, na maji hayakupata habari.

Aliporudi mara ya tatu akaanza kuguna wimbo. Mara ya tano akauimba. Kwa sauti ya chini, anauchelewesha vilevile, nimeshuka na mzigo, akageuka ukutani, nitapanda na wimbo. Mama mwenye duka alinishika bega kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimeacha kuchora. Nilikuwa na furaha iliyoniuma kifuani, na nikaapa nitaimaliza video hiyo hata kama nitapofuka.

Lakini bado sikumwambia kwamba mwanamke yule ni yeye. Nilitaka aje ashtuke kwa raha.

Programu ile ilikuwa na ghala. Unachora kitu mara moja, unakiweka ghalani, kisha unakitoa na kukitumia mahali popote mara mia. Nilichora kichwa cha Shangazi kwa uangalifu mkubwa: paji lake pana, mwanya wa meno, kilemba anavyokifunga kwa kukilalia upande. Mdomo niliuchora peke yake, namna nane, kwa ajili ya maneno. Kisha nikafika shingoni, na mkono ukasimama.

Nakumbuka vizuri jinsi ulivyosimama. Nilijiambia, mbele ya watu wote, kwenye video itakayouzwa mpaka Dar, utamfanyia hivyo? Nikajiambia kwamba hii ni heshima. Nikavuta mistari miwili iliyonyooka, nikampa shingo laini. Nilimpa shingo yangu. Nikaiweka ghalani, na kutoka hapo ikaenda kwenye kila tukio la wimbo.

Mdomo ulinila wiki tatu. Niliingiza kanda kwenye kompyuta kwa waya kutoka redioni, nikasikiliza neno kwa neno, nikachelewesha kila silabi pale alipoichelewesha yeye. Umeme ulipokatika nilikaa kwenye kiza cha duka na saa ya ukutani, nikihesabu pumzi zake kichwani. Wiki ya mwisho ya Novemba nilimaliza. Nikamwita Shangazi, nikafunga mlango wa duka tukiwa watatu, nikawasha.

Milima ikatokea, ukungu ukavutwa, mwanamke akashuka na tenga ambalo halikutikisika. Akaimba. Mdomo na sauti vilikaa pamoja mpaka mwenyewe nilisisimka. Ulipoisha, mama mwenye duka akapiga vigelegele peke yake.

"Hongea," Shangazi akasema. Kwa Kishambaa ni asante, na aliitoa kwa moyo. "Kazi kubwa, mwanangu. Umemtoa vizuri sana yule binti."

"Binti gani, Shangazi?"

"Yule wa Soni. Aliyeniimbia."

Nikasema, "Ni wewe. Huyo ni wewe."

Akageuka akamtazama tena yule mwanamke, aliyekuwa amesimama kwenye fremu ya mwisho. Macho yake yalipita kwenye kilemba, kwenye mwanya, yakashuka, yakasimama pale pale mkono wangu uliposimama.

"Aa," akasema. "Basi sawa."

Akaokota kikapu, akaaga kwa adabu zote, akatoka. Angenitukana ningepona haraka. Mama mwenye duka alizima mashine mwenyewe, akaniambia niende nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilifungua ghala. Nikatoa kile kichwa nilichokichora mara moja, nikafuta mstari mmoja wa shingo, nikavuta mwingine wenye uvimbe. Mstari mmoja tu. Nikahifadhi. Kisha nikaanza wimbo kutoka mwanzo, nikiwa tayari kurekebisha tukio kwa tukio, na nikakuta hakuna cha kurekebisha. Kwenye mteremko wa Soni rovu lilikuwepo, Mombo kando ya mabasi lilikuwepo, nyumbani akitua mzigo lilikuwepo. Kosa nililifanya mara moja, likaenda kila mahali, na sasa marekebisho nayo yalikuwa yamekwenda kila mahali. Nikafunga duka bila ruhusa na kupanda kwa Shangazi.

Alikuwa anapalilia vitunguu. Hakutaka kuja. Nilimbembeleza, nikapiga magoti kwenye tuta, nikaharibu miche miwili, akasema atakuja ili nisimmalizie shamba. Tuliteremka hadi dukani. Nikamwashia, nikasimama nyuma yake nikiuma kucha.

Alitazama wimbo wote.

"Umeliweka kulia," akasema.

"Shangazi?"

"Hilo rovu. Umeliweka kulia. La kwangu liko kushoto."

Sikuweza hata kubisha, maana nilijaribu kukumbuka hapohapo na sikukumbuka chochote. Kitambaa nilikikumbuka, maua yake nilikumbuka.

"Umelala kitandani kwangu miaka saba," akasema. Hakupandisha sauti. "Umekula jikoni kwangu. Hujui liko upande gani?"

"Sikutaka kukukosea adabu, Shangazi. Nilikuwa sitazami."

"Najua. Wote mna adabu. Hata yule wa kamera alikuwa na adabu."

Mama mwenye duka aliyekuwa kwenye kaunta akageukia ukuta. Mimi nililia bila kujificha. Shangazi akaniacha nilie kidogo, si sana. Kisha akavuta kile kiti changu cha kuchapia, akakigeuza kielekee mlangoni penye mwanga, akaketi. Akapeleka mikono nyuma ya shingo na kufungua fundo. Kitambaa akakikunja mara nne, akakiweka mapajani.

"Tazama," akasema. "Tazama mpaka uridhike, halafu uchore."

Nilimtazama. Mwanzoni macho yalikimbia yenyewe, nikayarudisha. Lilikuwa kushoto, kubwa kama pera, ngozi yake imenyooka na kung'aa kuliko ngozi nyingine ya shingo kwa sababu halikuwahi kuona jua. Chini yake kulikuwa na baka dogo jeusi ambalo hata baba yangu, kaka yake, nina hakika hakulijua. Nikachora. Aliona mkono wangu unasitasita, akaanza kuniimbia ili nitulie, na hapo nikaona jambo jingine. Alipoimba, lilitembea. Lilipanda kidogo neno lilipoanza na kushuka lilipokwisha, na pale alipochelewesha, nalo lilingoja. Kumbe utoto wetu haukudanganywa sana.

Rovu nililichorea fremu tatu za peke yake: chini, katikati, juu. Katika video nzima hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikutoka kwenye kamusi wala kwenye mfano wa programu.

Diski ile ya Mombo ninayo bado. Programu niliyoitumia haifunguki tena kwenye mashine za siku hizi, na faili zake nilizozitunza kama mbegu hakuna anayeweza kuzisoma. Mabinti wa leo wanachora kwa kidole kwenye simu, na nikiwasimulia habari ya picha kumi na mbili wananionea huruma. Ninakumbuka duka lile kuliko nyumba nyingi nilizoishi: harufu ya wino, joto la kile kioo usoni mwangu mchana wa baridi ya Julai, mama mwenye duka akisoma kamusi. Taipureta sijui iliishia wapi. Shangazi amelala kwenye kilima juu ya shamba lake la vitunguu.

Lakini ninachokirudia zaidi ni mchana wa siku ya mwisho ya Novemba. Nilikwenda nyumbani kwa mwalimu wa kwaya na wimbo kwenye diski mkononi. Shangazi alisema atanisindikiza, na njia nzima alitembea mbele yangu, kitambaa kiko kikapuni. Watu tuliokutana nao walimwamkia na kutazama pembeni. Mwalimu alituketisha sebuleni, akatia diski kwenye deki, akawasha televisheni. Alitazama wimbo wote akiwa ameinama mbele. Ulipokwisha akasugua magoti yake, akamtazama Shangazi, macho yake yakashuka haraka sakafuni.

"Sauti imekaa mahali pake," akasema. "Hiyo sina neno. Lakini mama... watu wakiona hivi watasemaje?"

"Watasema ni mimi," Shangazi akajibu. "Hebu washa tena. Mara hii utazame."